Ukianza kula mimea pekee, anza na B12

Swali ambalo kila anayeacha nyama, samaki, maziwa na mayai huulizwa ni la protini. Maharage, dengu, soya na karanga zikiliwa za kutosha hulimaliza. Jambo la kushughulikia tangu wiki ya kwanza ni vitamini B12, maana hakuna mmea unaokupa kwa uhakika.

B12 hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa bakteria walio tumboni mwake. Mboga iliyooshwa haina. Usidanganyike na mwani wa spirulina: sehemu kubwa ya kilichomo hufanana na B12 tu, na mwili hauwezi kukitumia.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Chagua njia moja uishike: kidonge cha mikrogramu 10 kila siku, kidonge cha mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki, au vyakula vilivyoongezwa B12, angalau milo miwili kwa siku, vikupe jumla ya mikrogramu 3. Tofauti hii kubwa ya vipimo ina sababu. Njia maalumu ya kufyonza B12 utumboni hujaa kwa takriban mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa mara moja, na inayozidi hapo hupenya kidogo sana, kama asilimia 1. Kwa hiyo anayemeza mara chache lazima ameze nyingi.

Kinachowaponza wengi ni kuchelewa kwa dalili. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, basi mtu hujiona mzima na kuacha vidonge. Tena mboga za majani na kunde zina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti inaweza kuzuia upungufu wa damu usionekane huku neva zikiendelea kuharibika. Ganzi au kuchomachoma miguuni na mikononi, ulimi kuuma, kusahausahau: ukiona haya nenda kapime, kwa kuwa neva zikiumia muda mrefu huenda zisipone kabisa. Mjamzito na anayenyonyesha wasikose hata wiki moja. Mtoto hutegemea B12 ya mama. Anayetumia metformin (dawa ya kisukari) au dawa za kupunguza asidi ya tumbo amweleze daktari, kwani hupunguza ufyonzaji.

Vitamini A ni suala la upishi. Mimea haina retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika. Ina beta-karotini ambayo mwili huigeuza, na huhitaji mikrogramu 12 hivi za chakulani kupata 1 ya retinoli. Karoti, boga, spinachi na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinatosha, ila vipikwe na viliwe pamoja na mafuta, parachichi au karanga. Bila mafuta, nyingi hupita bila kufyonzwa.

Vitamini D hutokana na jua. Asiyelipata atafute mikrogramu 15 kwa siku, na asome lebo, kwani vitamini D ya aina ya D3 mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Aina ya D2 haitokani na mnyama.

Vitamini B1 na B2 hupotea nafaka inapokobolewa, na mboga ikichemshwa kisha maji yakamwagwa, vitamini C huondoka nayo. Hiyo C ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: chungwa, pilipili hoho au limau kwenye mlo wa maharage huongeza ufyonzaji wa madini ya chuma. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisubiri saa moja baada ya kula.

Pima B12 kabla hujaanza vidonge, ujue ulipoanzia. Majibu yakiwa ya mpakani, omba kipimo cha asidi ya methilimaloniki (MMA): ikipanda, seli zako zina upungufu wa B12 hata kama kiwango cha damuni kinaonekana cha kawaida, ingawa matatizo ya figo nayo huweza kuipandisha.