Nilizitafsiri Star Wars kwenye kibanda umiza Kibaigwa, na najua zilipokatikia

Mleta uzi ameuliza kama ilikuwa sahihi filamu ya Star Wars ya 2019 kumfanya stelingi wake Rey mjukuu wa Palpatine, yule mfalme mwovu wa hadithi hizi za vita vya angani, wakati ile ya 2017 ilishatuambia wazazi wake walikuwa watu wa hivihivi tu. Wengi hapo juu mmesema ni sahihi, kwamba stelingi haokotwi jalalani, lazima awe na asili yake. Mdau mmoja akaongeza kuwa damu ni nzito kuliko maji, na mjadala ukawa kama umefungwa.

Wakuu, mimi sikubali, na naomba mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Kuanzia 2016 mpaka 2020 nilikuwa na kibanda umiza Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi. Kwa asiyepajua, Kibaigwa ni mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Msimu wa mavuno ukifika, malori yanajipanga na makuli wanabeba magunia ya lumbesa toka alfajiri. Jioni hao makuli, madereva na matingo wao ndio waliokuwa wateja wangu. Shilingi 300 kwa kichwa, mabenchi sita, tivii moja, subufa moja, na vumbi la mahindi kwenye kila kope.

Filamu nyingi zilikuwa zinakuja zimeshatafsiriwa na ma-DJ. Hizi za Star Wars sikuzipata za hivyo, nikashika maiki mwenyewe. Mchana naangalia mara mbili peke yangu na daftari, usiku natafsiri. Kazi hiyo inakufundisha kitu. Anayeangalia kwenye simu yake, akikuta pasipoeleweka anapita. Kuli aliyetoa mia tatu yake hapiti. Anakugeukia: "Sasa huyu karudije?" Wewe mwenye maiki ndiye unayedaiwa jibu, na kama hadithi haina jibu, wewe huna pa kulitoa.

Ile ya kwanza, ya 1977, ilitafsirika kama maji. Luke Skywalker, stelingi wake, anakaa jangwani, kwenye dunia yenye majua mawili, na walezi wake ni wakulima wanaovuna unyevu hewani kwa mitambo. Mtu wa Dodoma humwelezi mara mbili habari ya kutafuta maji. Mmoja akasema, "Hiyo si Pandambili hiyo?" Nikamwambia hapana, sehemu hizo zilipigwa Tunisia.

Nilipata taabu kwenye neno moja tu. Kiingereza kinamwita mlezi wa Luke kwa neno ambalo kwetu linaweza kuwa mjomba, baba mdogo au baba mkubwa. Mimi nikasema mjomba. Papo hapo nikaulizwa: "Kwa hiyo ni kaka wa mama yake?" Sikuwa na hakika. Baadaye nilipofika kwenye ile ya 2002 nikakuta huyo mlezi, Owen, na baba yake Luke ni ndugu wa kambo, mama wa mmoja aliolewa na baba wa mwenzake. Kumbe ni upande wa baba. Nikalazimika kusimama mbele ya watu na kurekebisha, na walifurahi kweli. Nalisema hili kwa sababu mdau wa damu na maji asidhani watu wa kibandani hawajali ukoo. Ukoo ndiyo kitu cha kwanza walichouliza.

Sasa twende kwenye 1980, maana hapo ndipo kipimo changu kinatokea.

Katika ile ya 1977, mzee Obi-Wan, mwalimu wake Luke, anamwambia kwamba Vader, yule adui mwenye vazi jeusi, alimsaliti baba yake na kumuua. Nilitafsiri hivyohivyo. Siku chache baadaye naweka ya 1980, tunafika pale Luke ameshakatwa mkono, ananing'inia juu ya shimo, na Vader anamwambia: mimi ndiye baba yako. Kibanda kizima kimya. Nasikia jenereta tu huko nje. Halafu dereva mmoja akainuka akaninyooshea kidole: "Wewe juzi ulisema huyu ndiye aliyemuua!" Akaniona mimi ndiye mwongo. Kabla sijajibu, mzee mmoja wa Kigogo, mlinzi wa maghala, akamwambia akae. Maneno yake ninayo kwenye daftari mpaka leo: "Hakudanganya huyo mzee. Alimficha mtoto. Mtoto haambiwi baba yako ni jambazi."

Wakuu, ile ya 1983, pale mzuka wa Obi-Wan unapojitetea kwa Luke kwamba alichosema ni kweli ukikitazama kwa upande fulani, mlinzi wetu alikuwa ameshaitoa hoja siku nyingi na kwa ufupi zaidi.

Kuna wanaosema humu kwamba George Lucas, mtunzi wa Star Wars, alikuwa nayo yote kichwani tangu mwanzo, na kwamba wale wa 2019 walikosea kwa sababu walibadilisha gia njiani. Hiyo si kweli. Rasimu ya kwanza ya filamu ya 1980 iliandikwa na Leigh Brackett mapema 1978, muda mfupi kabla hajafariki, na humo baba yake Luke anatokea kama mzuka, mtu mwingine kabisa na Vader. Vader kuwa baba kulikuja katika rasimu zilizofuata. Hata wakati wa kupiga picha ilikuwa siri kubwa: David Prowse, aliyevaa lile vazi, alipewa maneno ya uongo ayaseme, eti Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yako, na maneno ya kweli yakaja kuingizwa na sauti ya James Earl Jones. Kwa hiyo hata wao walibadilisha gia njiani, tena gia kubwa, na ikakubali.

Ikakubali kwa nini? Rudini mkaangalie ile ya 1977 mkiwa mmeshaijua siri. Mezani, Beru, mke wa Owen, anasema Luke ana mengi mno ya baba yake, na Owen anajibu kuwa hicho ndicho anachokihofia. Mara ya kwanza ni maneno ya mlezi asiyetaka kijana aondoke shambani. Mara ya pili unasisimka mwili. Jibu jipya limerudi nyuma likaongeza uzito kwenye maneno ya zamani. Tena lilimgharimu Luke: aliyetamani baba kwa miaka yote, kampata, na kampata huyo.

Nilipoonyesha ya 2017, msimu wa mahindi wa 2018, kipimo kilinitokea tena. Kumbukeni Rey ni nani katika ile ya 2015: muokota skrepa. Anatambaa ndani ya meli zilizoanguka, anang'oa vyuma, anasugua, anampelekea mnunuzi, na mnunuzi anampangia chakula kiduchu anavyojisikia. Makuli walimchukia yule mnunuzi kuliko Vader. Walimwita dalali. Kwa hiyo walipofika kwenye pango, pale Rey anapoomba aonyeshwe wazazi wake na kioo kinamletea sura yake mwenyewe, niliona watu wameinama mbele kwenye mabenchi. Na Kylo Ren, mpwa wa Luke aliyegeukia uovu, alipomtaka aseme ukweli anaoujua siku zote, Rey akakiri kwamba hawakuwa watu wowote, na Kylo akamalizia kuwa walikuwa wauza skrepa waliomuuza kwa hela ya pombe, kimya kikarudi kilekile cha 1980.

Mwongozaji Rian Johnson ameshaeleza kwamba alitafuta neno gumu kuliko yote kwa Rey kulisikia, kama lile lililokuwa gumu kuliko yote kwa Luke. Sikulijua hilo wakati ule, lakini nililisikia masikioni.

Kulikuwa na kijana mmoja, miaka kumi na mbili hivi, aliyekuwa akiokota mahindi yaliyomwagika sokoni, anachekecha vumbi, anauza kwa kisado. Nilimwacha aingie bure, na yeye alifagia kibanda kabla na baada. Hakuna aliyejua alikuja na lori gani. Ukimuuliza wewe mtoto wa nani, anajibu, "Wa hapahapa sokoni." Ile ya 2017 inaisha na mtoto wa zizini, mfanyakazi tu asiye na jina kubwa, ananyoosha mkono na fagio linamjia lenyewe kwa ile Nguvu, uwezo wa ajabu wa mastelingi wa hadithi hizi, halafu anafagia na kutazama nyota. Kijana wangu alikaa benchi la mbele, fagio lake katikati ya magoti. Hakusema kitu. Aliliinua kidogo, akalishika sawasawa, kama mtu anayepima mzigo. Kesho yake akaniomba niirudishe sehemu hiyo peke yake, nikairudisha mara tatu.

Niseme kidogo kuhusu Luke, maana nusu ya uzi huu mnagombania kujificha kwake kisiwani katika ile ya 2017. Mark Hamill mwenyewe, anayemwigiza, alisema hadharani kwamba mwanzoni hakukubaliana na mwongozaji kuhusu Luke huyu, na baadaye akasema anajutia kulitoa nje. Kwangu linashikika. Mwaka 1983 Luke alipandwa na hasira Vader alipomtaja dada yake, akampiga mpaka akamkata mkono, ndipo akautazama mkono wake mwenyewe akaacha. Mtu huyo kushtuka usiku mmoja mbele ya mpwa wake, yule Kylo, na kuwasha upanga wa mwanga kwa sekunde, kisha kufa kwa aibu miaka yote, ni Luke yuleyule. Na habari ya kamanda Holdo kutomwambia rubani Poe mpango wake, madereva hawakuona tatizo lolote. Tajiri wa lori hamwelezi utingo.

Sasa 2019. Nakiri waliotengeneza walikuwa na mzigo. Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia dada yake Luke, alifariki Desemba 2016, Leia ikabidi apatikane kwa picha zilizobaki. Colin Trevorrow aliyepangiwa kuiongoza aliondoka Septemba 2017, akarudishwa J.J. Abrams wa ile ya 2015. Lakini nilipoiweka, msimu wa 2020, swali la kwanza kutoka benchini lilikuwa hilo nililosema: "Huyu Palpatine si Vader alimtupa shimoni? Karudije?" Mhusika mmoja anasema amerudi kwa namna fulani tu, mwingine anagusia sayansi ya giza na kunakili viumbe, na safari inaendelea. Nilitafsiri nilichopewa. Watu wakaguna. Na hapo kazi yote ya Vader ya 1983, kumwokoa mwanawe kwa kumtupa bwana wake, ikawa imepungua kilo.

Halafu likaja la Rey. Filamu inajitetea: Kylo anasema hakumdanganya, wazazi wake walichagua kuwa si chochote, walimuuza ili kumficha na babu yake. Ni utetezi uleule wa Obi-Wan, kweli ya upande fulani. Lakini safari hii hakukuwa na kimya. Kutoka kila benchi nikasikia: "Aaah, ndiyo maana!"

Wadau, hilo "ndiyo maana" ndilo jibu langu kwa mleta uzi. Ndiyo maana ana nguvu, ndiyo maana anawaweza. Watu walipumua, wakageukia karanga zao. Mtanijibu kwamba damu ya Palpatine nayo ni mzigo mzito kwa Rey. Kwenye karatasi ni mzito. Kwa mtazamaji ulikuwa ni maelezo ya kwa nini anaweza. Na ukirudi nyuma nalo, kioo cha pangoni hakina maana tena, na mtoto wa fagio amebaki peke yake, hakuna aliyemfuatilia. Jibu la 1980 liliongeza uzito nyuma. Hili limetoa.

Mkitaka, lijaribuni wenyewe kwenye tukio la mwisho. Rey yuko kwenye lilelile shamba la maji la 1977. Anapita bibi mmoja na mnyama wake, anauliza wewe nani. Rey. Bibi anauliza tena, na mimi nilitafsiri kama tunavyoulizana huku kwetu: "Rey wa nani?" Anatazama mbali, anawaona Luke na Leia, anajibu: Rey Skywalker. Mtoto wa walevi wa Jakku, kule alikookota skrepa, akilijibu swali hilo, anawachagua waliomlea, na hana kingine cha kushika. Mjukuu wa Palpatine akilijibu, analikimbia jina baya. Maneno ni yaleyale, ila la pili halinifikii.

Nilipolitafsiri lile "wa nani" niliangalia benchi la mbele. Kijana wangu alikuwa ameshatoka, na nasikia anafagia nje.