Maswali ya Wasomaji: C Imejaa, D Ina Nafasi Tele

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: namna ya kugawa upya diski ya kompyuta ya nyumbani bila kupoteza faili. Kabla ya majibu tuna sharti moja, nalo halina msamaha. Nakili kwanza kila unachokithamini kwenye diski nyingine kabisa, kisha fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo uhakikishe zinafunguka. Nakala iliyo kwenye D ya diski ileile haihesabiki, kwa sababu C na D hukaa kwenye chuma kimoja na hufa pamoja.

SWALI: Habari za kazi. Diski yangu ni ya GB 500, imegawanywa C na D. C ni ya GB 100 na imejaa. D ni ya GB 365 lakini ina vitu vya GB 60 tu. Nilifungua Disk Management, zana ya Windows ya kugawa diski, nikapunguza D kwa GB 60, na kweli nafasi nyeusi ikatokea. Lakini nikiigusa C, neno “Extend Volume” limefifia na halibofyeki. Nimekosea wapi?

JIBU: Nafasi umeipata, ila iko mahali pasipofaa. Windows inapopunguza patisheni (kipande cha diski kama C au D) hukata mkiani, kwa hiyo GB 60 zako zimeangukia kulia kwa D, mwisho kabisa wa diski. C nayo hurefuka kuelekea kulia tu, na kulia kwake yupo D. Tazama mchoro wa chini kwenye Disk Management ukisoma kutoka kushoto: C, D, kisha weusi. Siku weusi huo utakapogusana na ukingo wa kulia wa C, neno hilo litawaka lenyewe. (Na usitafute GB zilizopotea kati ya 465 na 500. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824.)

Kwa kuwa D ina GB 60 tu, sisi tungekushauri njia ya kuihamisha na kuiunda upya. Nakili vyote vya D kwenye diski ya nje. Rudi Disk Management, bofya D kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Delete Volume”. Sasa C inaweza kurefushwa. Kisanduku cha kiasi hupokea megabaiti, si gigabaiti, na GB moja hapo ni MB 1024; ukitaka kuongeza GB 100 andika 102400. Nafasi inayobaki iundie patisheni mpya kwa “New Simple Volume”, uipe tena herufi D, kisha urudishe faili. Herufi ni muhimu: kama kuna programu zilizosakinishwa D, njia zake za mkato zinatafuta D, hazitafuti E.

Kwenye diski za zamani zenye jedwali la MBR (orodha ya patisheni ya mtindo wa zamani) kuna kikwazo kimoja zaidi. Ukiifuta D, nafasi yake yaweza kubaki na rangi ya kijani badala ya nyeusi, na C ikaendelea kugoma. Hiyo ni kwa sababu D ilikuwa ndani ya patisheni kubwa inayobeba nyingine. Lifute na lile boma la kijani, weusi utatokea. Na popote Windows itakapokuuliza kama uigeuze diski kuwa “dynamic”, kataa. Kugeuza ni mbofyo mmoja, lakini kurudi nyuma kwa zana za Windows kunataka ufute patisheni zote za diski hiyo.

Kama huna mahali pa kuziweka GB 60 hizo kwa muda, basi huna nakala, na njia ya pili haikufai hadi uipate. Njia hiyo ni GParted, programu ya bure unayoiandika kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, kisha unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Ndani ya Windows anza kwa kufungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha uzime kompyuta kabisa. Bila hivyo Windows hulala nusu macho, huacha alama kwenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows), na GParted hukataa kuigusa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, ondoa usimbaji huo kabisa kwanza na usubiri kazi hiyo imalizike.

Ndani ya GParted itambue diski kwa ukubwa wake, kwani hapa hakuna C wala D. Utaona majina kama `/dev/sda2` au `/dev/nvme0n1p3`. Na hapa kuna jambo litakalokuokolea muda mwingi. GParted ikisogeza patisheni hunakili eneo lake lote, hata sehemu tupu. D ya GB 305 ikisogezwa kwa kasi ya MB 50 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa moja na dakika 40. Ipunguze kwanza ibaki GB 80, ndipo uisogeze kulia: kazi hiyo ni chini ya nusu saa kwa kasi ileile. Baada ya hapo irefushe C kulia, kisha D ichukue kilichobaki. Acha “Align to” ikiwa “MiB”. Hakuna kinachotendeka hadi ubofye alama ya kijani ya “Apply”. Kabla ya hapo unaweza kufuta foleni nzima bila madhara. Ikiwa ni laputopu, ichomeke kwenye umeme huku betri ikiwa imejaa. Ukiwasha Windows mara ya kwanza itataka kuikagua diski. Iache imalize.

SWALI: Nataka kuipunguza C nipate mahali pa Linux. Ina GB 300 tupu, lakini Windows inaniruhusu kutoa GB 20 tu. Kwa nini?

JIBU: Kuna faili zimekaa katikati au karibu na mwisho wa C, na Windows haiwezi kuzisogeza ikiwa inazitumia. Wahusika wa kawaida ni `hiberfil.sys` ya kulaza kompyuta, `pagefile.sys` ya kumbukumbu ya ziada, na pointi za kurejesha mfumo. Huna haja ya kubahatisha ni yupi: jaribu kupunguza, kisha fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya Application, utafute tukio namba 259. Humo limeandikwa jina la faili iliyozuia.

Zima ulalaji kwa `powercfg /h off`. Andika `sysdm.cpl`, nenda Advanced, kisha mipangilio ya Performance, na kwenye kumbukumbu ya ziada chagua “No paging file”. Kwenye ukurasa wa System Protection zima ulinzi wa C, ukijua kwamba pointi za zamani za kurejesha zitafutika. Washa upya kompyuta, punguza C, kisha rudisha yote matatu kama yalivyokuwa. Usisahau `pagefile.sys`, kompyuta yenye RAM ndogo isipokuwa nayo huanza kufunga programu zenyewe ghafla.

Kama bado inagoma, mara nyingi kilichobaki ni jedwali la NTFS lenyewe, yaani orodha yake ya faili, na hilo lishughulikiwe kwa GParted. Wala usiipunguze C hadi ibane: mfumo unahitaji nafasi ya masasisho, na diski ya SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi.

SWALI: Je, naweza kupunguza patisheni ya exFAT kwenye diski ya nje?

JIBU: Hapana. Disk Management haipunguzi exFAT, ambao ni mfumo mwingine wa faili, na GParted pia haiwezi kubadili ukubwa wake. Hamisha faili, futa, gawa upya.

SWALI: Nimehamisha Windows nzima kutoka SSD ndogo kwenda SSD ya TB 1. Nafasi tupu ipo, lakini kati yake na C kuna patisheni ndogo imeandikwa “Recovery”. Haifutiki. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo hubeba zana za kuiokoa Windows isipowaka, ndiyo maana imelindwa. Inaondolewa kwa utaratibu, kisha inaundwa upya mwisho wa diski. Maelezo haya ni kwa diski yenye jedwali la GPT, ambalo ndilo la kompyuta nyingi za sasa.

Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika `reagentc /info`, uone zana ziko diski namba ngapi na patisheni namba ngapi. Ziandike namba hizo kwenye karatasi. Kisha `reagentc /disable`. Amri hii hurudisha faili `Winre.wim` kwenye folda `C:\Windows\System32\Recovery`. Ifungue folda hiyo uione faili kwa macho yako. Imefichwa, kwa hiyo tumia `dir /a`. Usipoiona, simama hapo hapo, maana ukifuta patisheni utakuwa umefuta zana zenyewe.

Ikiwepo, andika `diskpart`, kisha `list disk`, `select disk` na namba yake, `list partition`, `select partition` na namba yake. Kabla ya kufuta andika `detail partition`. Aina yake lazima isomeke `de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`. Hatua hii tunaisisitiza kwa sababu karibu nayo huwepo patisheni nyingine ndogo ya FAT32, ya EFI, ambayo bila hiyo kompyuta haiwaki, na amri inayofuata haiulizi mara mbili: `delete partition override`.

Sasa irefushe C kwa Disk Management, lakini punguza MB 1024 kwenye kiasi unachopewa. Rudi `diskpart`, chagua tena diski, na kwenye nafasi iliyobaki andika amri hizi moja baada ya nyingine:

`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`format quick fs=ntfs label="Recovery"`
`gpt attributes=0x8000000000000001`

Toka kwa `exit`, andika `reagentc /enable`, kisha `reagentc /info` uthibitishe kwamba imewashwa. GB nzima kwa patisheni hii si anasa. Januari 2024 sasisho KB5034441 la Windows 10 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, kwa sababu lilihitaji MB 250 tupu ndani ya patisheni hii nayo ilikuwa ndogo mno.

SWALI: Umeme ulikatika GParted ikiwa inasogeza D. Sasa Windows inasema niifomati. Naombeni msaada, picha za familia zimo humo.

JIBU: Pole sana. Usiifomati, na usiikubalie Windows iikague. `chkdsk` hurekebisha ili mfumo wa faili usomeke, na katika kufanya hivyo yaweza kukata kilichokuwa bado kinaokoleka. Zima kompyuta.

Hali yako ni hii: sehemu ya data imeshafika mahali papya, sehemu iko pa zamani, na kati yake kuna kipande kilichoandikwa nusu. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, na kwa kutumia flashi ya Linux nakili diski nzima kwa `ddrescue`, baiti kwa baiti. Majaribio yote yafanyie kwenye hiyo nakala. Diski ya awali iweke kando.

Anza na programu ya TestDisk. Hutafuta alama za mwanzo wa patisheni, na NTFS huweka nakala ya alama hiyo kwenye sekta yake ya mwisho, kwa hiyo mara nyingine mipaka ya zamani hupatikana na folda zikaonekana. Zikionekana, zinakili kwenda diski nyingine kabla ya kuandika jedwali lolote. TestDisk ikishindwa, tumia PhotoRec, ambayo hutambua picha kwa muundo wa faili yenyewe bila kutegemea folda. Picha zitakazopatikana zitakuja na majina ya namba tu, lakini nyingi bado zitakuwa na tarehe ya kupigwa ndani yake, na kwa tarehe hiyo utaweza kuzipanga upya.