Jibu: Mtoto kuanza darasa la kwanza Japani, na suala la nguruwe

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 6 ataweza shule ya serikali bila kujua Kijapani, na atakula nini maadamu nyumbani hamli nguruwe. Wangu wawili wamepita huko huko.

Mwaka wa shule unaanza Aprili. Sheria haiwalazimishi wageni kusomesha watoto, kwa hiyo usikae ukingoja barua. Nenda ofisi ya mji ukaombe nafasi mwenyewe. Ada hakuna, vitabu bure.

Chakula: shule hutoa ratiba ya mwezi mzima. Kaa na mwalimu muipitie. Mimi hupigia mstari mwekundu siku za nguruwe, na siku hizo mtoto hubeba chakula cha nyumbani kinachofanana na cha wenzake. Hilo la kufanana usilipuuze. Mtoto mdogo huumia sahani yake ikitazamwa.

Halafu jiandae kuandika majina. Kila kitu, hadi vijiti vya kuhesabia, kimoja kimoja. Nilikesha navyo mezani, kalamu ya ncha nyembamba mkononi.

Atakwenda kwa miguu na wenzake, begi gumu mgongoni, bila wewe. Wiki ya kwanza nilimfuata kwa mbali, moyo ukinidunda.

Kijapani kitakuja, hata akikaa kimya miezi kadhaa. Kiswahili ndicho cha kukipigania, dada. Zungumza naye kila siku. Mkubwa wangu sasa humjibu bibi yake kwa Kijapani kwenye simu, na bibi hunyamaza.