Kumwingiza Mwenzio Kwenye Gemu: Shida Ni Kijiti cha Kulia

Wengi wakitaka kumwingiza mke au mume kwenye gemu huanza na ile wanayoipenda wao. Wanaweka mpira, wanampa padi (kile kifaa cha mkononi cha kuchezea), wanamfunga mabao saba kwa nunge, halafu wanashangaa mtu akikumbuka ghafla kuwa ana nguo za kuanua. Au wanamwekea gemu ya vita yenye sifa kubwa, na dakika tano baadaye mwenzio amekwama kwenye pembe ya ukuta, anatazama dari, hajui alipotokea wala pa kutokea.

Hapo kwenye pembe ya ukuta ndipo pa kuangalia. Gemu nyingi za siku hizi zinataka vijiti viwili vya padi kwa pamoja: cha kushoto kinamtembeza mtu, cha kulia kinamgeuza macho. Aliyezoea hata hafikirii, vidole gumba vinaenda vyenyewe. Kwa mgeni hizo ni kazi mbili, na huzifanya kwa zamu: anatembea, anasimama, anageuza, anatembea tena. Kijiti cha kulia anakisukuma mno, picha inaruka juu. Anakirudisha, sasa anatazama sakafu. Wala si kwamba hajui kucheza. Mtu huyohuyo huenda anawatoa watu jasho kwenye dhumna na keram. Kwa hivyo gemu za mwanzo zichague kwa kuangalia zinadai kijiti cha kulia kiasi gani. Hadithi nzuri na picha kali zitafuata.

Kabla ya gemu, padi. Nyumba nyingi zina padi mbili: nzima ya mwenyewe, na kuukuu ya mgeni. Badilisheni. Padi kuukuu mara nyingi ina kijiti kinachojivuta chenyewe, kwa sababu ndani yake mna utando mwembamba wa kaboni unaosuguliwa kila kijiti kinaposukumwa, na ukilika padi husoma mwendo ambao haupo. Kuipima, fungua menyu, weka padi mezani bila kuigusa. Alama ikitambaa peke yake, padi ni mbovu. Wewe utaijua na kuifidia. Yeye atadhani kosa ni lake.

Mwoneshe vitufe kabla gemu haijaanza. Kwenye padi ya PlayStation, L1 na R1 ziko juu mbele, L2 na R2 chini yake, na vijiti vyenyewe hubonyezeka kwa ndani; gemu ikiandika R3 inataka hivyo kwa kijiti cha kulia. Hilo hakuna anayeweza kulibahatisha. Na usimchanganyie mashine mbili wiki moja: kitufe cha A cha Xbox kiko chini, cha A cha Nintendo kiko kulia. Kwenye TV nako tafuta mpangilio wa picha wa gemu uuwashe. Bila huo, TV nyingi huchelewesha picha kidogo zikiipamba, na mgeni akibonyeza ruka anaona mtu karuka amechelewa, keshatumbukia shimoni.

Kama mna PlayStation 4, Xbox One au Nintendo Switch, pa kuanzia pazuri ni Unravel Two ya mwaka 2018. Ni vidoli viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi mmoja, na kamera inatazama kwa ubavu bila mtu kuigeuza. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mmoja anaweza kubebwa na mwenzake. Penye mruko mgumu wewe unaruka naye yuko mgongoni, upande wa pili anashuka na kuendelea. Padi haikutoka mkononi mwake, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, tutalirudia.

Wenye Switch wana Mario Kart 8 Deluxe, ya mbio za magari. Pale mnapochagua gari, bonyeza alama ya kujumlisha uwashe usukani wa msaada na mwendo wa kujiendesha. Gari haliachi barabara hata akilala. Mwanzo chezeni daraja la 50cc, la polepole kabisa. Akishazoea, usukani wa msaada uzimwe, kwa sababu unamzuilia baadhi ya njia za mkato na ile kasi kubwa kabisa ya kukata kona.

Overcooked, gemu ya jikoni, hupendekezwa kila mahali kwa wapenzi, na hapo inabidi tupingane na wengi. Vitufe ni vichache kweli na kamera haisogei, lakini saa inakimbia, chakula kinaungua, na kufikia hatua ya tatu watu wawili wanapigiana kelele kwa sababu ya nyanya. Kama lazima, tafuta toleo la All You Can Eat lenye msaada unaoongeza muda na kukuruhusu kuruka hatua iliyowashinda. Gaweni kazi kabla: mmoja anakata, mmoja anapika na kuosha. La sivyo mtagongana mlangoni usiku kucha.

Stardew Valley ni ya mtu asiyependa kukimbizwa. Shamba, mifugo, majirani. Skrini ya kugawana mara mbili iliingia na toleo la 1.5, na unapoanza shamba jipya chagua kabisa kibanda kimoja cha mchezaji wa pili, usije kukijenga baadaye kwa pesa na vifaa. Kinachowatoa watu ni uvuvi: ile mipau ya kijani ya mwanzo ni migumu hata kwa mzoefu. Mnunulie fimbo ya mazoezi dukani kwa Willy, sarafu 25 tu. Mpau wake ni mpana zaidi, ingawa unapata samaki wa kawaida pekee. Gemu hii pia inatufaa watu wa Mombasa kwa sababu moja ya ziada. Huhifadhi pale mnapolala tu, mwisho wa siku, na siku nzima ya gemu ni kama dakika 14 za kweli. Stima ikikatika, kilichopotea ni siku hiyo moja. Linganisha na gemu inayohifadhi kila baada ya nusu saa, halafu giza likaingia dakika ya 29.

It Takes Two, ya mwaka 2021, ndiyo kila mtu huitaja, na kweli imetengenezwa kwa watu wawili. Peke yako haichezeki. Lakini ni darasa la pili. Inataka vijiti vyote viwili, kuruka mara mbili hewani na kuchupa mbele, vyote ndani ya sekunde moja. Inasamehe: ukifa unarudi papo hapo. Ianzeni mwenzio akishaweza zoezi hili: tafuta mti au nguzo yoyote ndani ya gemu, auzunguke huku akiuweka katikati ya skrini muda wote. Duara mbili bila kusimama, yuko tayari. Punguza kasi ya kamera hadi theluthi hivi, na muulize akitaka kutazama juu kidole kinataka kwenda wapi. Akisema chini, geuza mhimili wa kamera kwenye mipangilio, usibishane naye. Kwa TV ya inchi 32 sogezeni viti, maana kila mmoja ana nusu ya skrini na maandishi ni madogo. (Hadithi yake ni ya mume na mke wanaotaka kuachana. Mjuane kwanza.) Aliye na mwenzie mbali, tuseme Doha, ananunua moja tu, wa pili anapakua toleo la rafiki bure, mradi mashine ziwe za jamii moja na intaneti iwepo.

Na mpira? Upo, ila kaeni upande mmoja. Kwenye kuchagua timu, sogezeni padi zote mbili kwenye timu ileile, kompyuta iwe mpinzani, ugumu uwe wa chini kabisa, na mwenzio atumie mpangilio wa vitufe viwili: pasi na shuti. Mpe ushambuliaji, wewe kaba. Kumpeleka kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, Majengo au Kisauni hapa Mombasa, siku ya kwanza ni kumtesa: saa inalipiwa, anayefungwa mara nyingi anapisha, na kuna kijana nyuma anayetoa ushauri bila kuombwa.

Sasa lile la padi. Sentensi inayoua kila kitu ni "lete nikuoneshe." Mikono yako ibaki kwako hata akifa mara kumi palepale, hata akikuomba, akikuomba sana, mpe maneno. Na maneno yenyewe yawe ya mahali, si ya kitufe. "Mraba! Mraba! Siyo huo!" inamfanya ainamishe macho kwenye padi, na akiinua amekwisha kufa. "Kuna mlango kushoto kwako" inamwachia kazi ya kufikiri. Akipita njia isiyo yako, mwache apite. Dakika 40 zinatosha kwa kikao, na msimamishe akiwa ameshinda kitu. Alasiri yenye joto, mikono ikitoka jasho, mnapoteza wakati. Baada ya isha, feni ikizunguka, ni sawa.

Kuna wanaochafukwa moyo, hasa kwenye gemu za kuona kwa macho ya mhusika. Ni kinyume cha kinachompata mtu mashuani: kule sikio la ndani linahisi mawimbi huku macho yakiona ubao umetulia, hapa macho yanaona mwendo huku mwili umekaa kwenye kochi. Zima kutikisika kwa kamera na ukungu wa mwendo, panua upana wa uoni kama gemu inaruhusu, washa taa, keti mbali zaidi. Hali hiyo ikianza, zimeni saa hiyohiyo. Kuvumilia hakuzoeshi, kunazidisha.

Asiyetaka mashine kabisa, simu inatosha. Monument Valley ya mwaka 2014 huchezwa kwa kidole kimoja na haina saa. Wapo pia wanaopendelea kutazama: mpe daftari, awe mwenye ramani na mwenye kukumbuka namba za siri. Huyo naye anacheza.

Mwisho, mfungulie jina lake mwenyewe kwenye mashine, lisichanganyike na lako. PlayStation 4 hutunza maendeleo ya kila mtumiaji mbali, hata asiye na akaunti ya mtandaoni. Shamba lake likifutwa na mpwa aliyekuja kutembea siku ya Idi, usitarajie apande upya.