Udongo wa kwenye vyungu: tazama hewa kwanza, rutuba baadaye

Mkuu, umesema ulijaza vyungu udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na samadi, ukatanguliza kokoto chini, na sasa majani ni ya njano na mizizi imeoza. Unauliza udongo upi ulio bora. Nimekuwa nikipanda kwenye vyungu kwa miaka mingi, ndani na barazani, na kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye udongo wa chungu ni hewa. Rutuba utaiongeza siku yoyote kwa mbolea, lakini hewa isipokuwemo tangu unapochanganya, huna njia rahisi ya kuiingiza baadaye.

Mizizi inapumua. Bila oksijeni inashindwa kuvuta maji, inaanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha vinaimalizia. Ndiyo maana mmea uliozidiwa na maji hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, na mwenye nao akiuona hivyo anaumwagilia tena. Udongo huohuo ukiwa shambani hauna tabu, kwa sababu maji yana pa kwenda, na minyoo na mizizi mingine huufungulia njia. Ndani ya chungu safari inaishia kwenye kitako. Kila unapomwagilia, chembe ndogo za mfinyanzi zinashuka na kuziba nafasi kati ya chembe kubwa, mpaka unapata tofali lenye mmea juu yake.

Kuhusu kokoto, ushauri huo unarudiwa sana na unaharibu mimea mingi. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kila mchanganyiko hubakiza tabaka la maji chini baada ya kumwagiliwa, na kimo cha tabaka hilo kinatokana na ukubwa wa chembe, wala si urefu wa chungu. Ukiweka kokoto unalipandisha tu tabaka hilo karibu na mizizi. Chukua sifongo, iloweshe, ilaze bapa kwenye kiganja mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima: itadondosha tena. Chungu kirefu na kifupi vyenye udongo mmoja vinatofautiana hivyohivyo, kirefu kinabaki na sehemu kubwa zaidi iliyo kavu juu. Kwa hiyo toa kokoto, uupe mmea kina chote. Matundu yakiwa makubwa, kipande cha wavu kinatosha.

Msingi wa mchanganyiko wangu ni unga wa makumbi ya nazi, ule ambao wengi wanauita kokopiti. Unashika maji mengi na bado unabaki na hewa, na pH yake, yaani kipimo cha asidi, kwa kawaida ni kati ya 5.5 na 6.5, kiwango kinachopendwa na mimea mingi ya vyungu. Kasoro yake ni chumvi. Makumbi huja na sodiamu na potasiamu nyingi, na pia hunyakua kalsiamu na magnesiamu unazompa mmea. Mimi nausuuza mara kadhaa kwa maji safi, kisha naulaza usiku kucha kwenye maji yenye mbolea kidogo ya kalsiamu nitreti, asubuhi nauchuja. Ni kazi, lakini ukiiruka utaona ncha za majani zinakauka na utahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo. Piti, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu yanayochimbwa kwenye vinamasi, hufanya kazi kama hiyo, ila ina asidi kali, pH yake huwa 3.5 hadi 4.5 kabla ya kutiwa chokaa, na ikikauka kabisa inakataa maji, yanapita pembeni tu. Pia huchukua maelfu ya miaka kujilimbikiza, kwa hiyo mwenye uchaguzi aiache.

Kisha unahitaji kitu cha chembe kubwa cha kufungua nafasi. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichopashwa moto mkali mpaka kikafutuka, ni nyepesi na haiozi. Ilowanishe kabla ya kuichanganya, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, pumisi, nayapenda zaidi kwa vyungu vinavyokaa muda mrefu, maana hayaelei juu unapomwagilia. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu ni nzuri pia. Mchanga laini usiuguse, unaziba kuliko kufungua. Kama ni mchanga, uwe mkubwa wa chembe na uliooshwa. Vumbi la mbao bichi nalo liache, vijidudu vinavyolimeng'enya vinaivuta naitrojeni yote na kuuacha mmea njano.

Samadi iwe imeiva kabisa, vivyo hivyo mboji: haina joto, haina harufu kali, huwezi kutambua ilitokana na nini. Mbichi inaunguza mizizi. Hata ikiwa imeiva, mimi sipitishi robo ya mchanganyiko, kwa sababu mboji nyingi inaendelea kuoza, inasinyaa na kujikandamiza.

Kwa mimea ya kawaida ya majani mapana natumia makopo mawili ya makumbi, moja la mboji, moja la perlaiti au pumisi. Pima kwa ujazo, si kwa uzito. Kakitasi na jamii yake nawapa nusu nzima ya pumisi. Okidi nyingi zinazofugwa huishi juu ya miti kwa asili yake, kwa hiyo hupewa vipande vya magome, si udongo. Miche ya mbegu inataka mchanganyiko laini, safi na usio na mbolea nyingi; ukitumia udongo wa shamba kwenye vitalu, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche, kitakulaza miche yote kwa usiku mmoja.

Usiniamini kwa maneno tu, pima mwenyewe. Ziba matundu ya chungu, jaza mchanganyiko ulio na unyevu kidogo, kisha mimina maji polepole mpaka yametemete juu. Zibua, kinga maji yanayotoka mpaka yaishe kudondoka. Gawanya ujazo wa maji hayo kwa ujazo wa chungu chote, zidisha mara 100; hiyo ndiyo asilimia ya nafasi ya hewa. Chini ya asilimia 10 mizizi itataabika. Kwa mimea mingi mimi nataka 15 hadi 20, okidi zaidi ya 25.

Kwa mimea uliyonayo sasa: itoe, kata mizizi iliyo laini na ya kahawia, bakiza iliyo ngumu na nyeupe, panda kwenye chungu kinachotosha mizizi iliyobaki tu, maana kikubwa kitakaa na maji yasiyo na wa kuyanywa. Usiweke mbolea mpaka uone jani jipya. Pima mchanganyiko wako kwa njia hiyo niliyoeleza, kisha tuwekee hapa asilimia uliyopata pamoja na aina ya mimea, tuone pa kurekebisha.