Nungwi wiki ya Krismasi: watu ni wengi, lakini matumbawe mtayaona

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kutoka Mwanza na shemeji hadi Nungwi, kaskazini ya Unguja, wiki ya Krismasi, maana umesikia ufukwe umejaa watu na kwenye matumbawe ya kisiwa kidogo cha Mnemba boti zinagongana. Nimekwenda mara sita tangu 2015, mbili kati ya hizo wiki hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Watu watakuwepo, hilo usijidanganye. Kuanzia saa nne asubuhi mchanga wote una viti, boti zimejipanga na mapapasi, wale madalali wa watalii, wanakufuata na picha za kasa na pomboo. Wanatafuta riziki, kwa hiyo itikia salamu, sema "asante, nimeshapata", wataendelea na safari yao. Umati unakwenda huko kwa sababu ya maji: upande wa Nungwi na Kendwa bahari haikimbii mbali ikipwa, unaogelea mchana kutwa. Nenda pwani ya mashariki, Paje, Jambiani au Matemwe, maji yakiwa yametoka, utakuta bahari iko kule mbali na akina mama wanatembea kwenda kwenye mwani wao. Kila asiyetaka kusubiri maji anaishia kaskazini.

Sasa wewe umezoea ziwa, na ziwa halina kujaa na kupwa. Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza siku. Kabla ya kulipia chochote angalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua: maji yanajaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti ya kina inafika karibu mita 4. Mkondo unakuwa na nguvu, na kule Matemwe unatembea sana juu ya mawe na wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi kabla ya kuifikia boti. Wiki moja baadaye ni maji mafu: bahari inajaa kiasi cha saa nne asubuhi, mkondo umelegea, na mtu anayeanza haburutwi. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Halafu mwezi mpevu ndiyo siku za sherehe kubwa ya Kendwa, kwa hiyo bamvua hiyo inakuja na watu wake. Mimi sasa napanga likizo kwa maji mafu, tarehe za ofisi zinafuata baadaye.

Mnemba chenyewe ni kisiwa cha hoteli binafsi, hamtashuka. Matumbawe yanayokizunguka ni hifadhi na kila mtu anaingia kwa ada, basi uliza mapema kama ada hiyo imo ndani ya bei na kama kuna bei ya Mtanzania. Kutoka Nungwi boti ya mbao inachukua saa nzima au zaidi, na zote zinaondoka muda mmoja baada ya chai. Ndiyo maana mnakutana.

Mwaka juzi tulilala Nungwi usiku mbili, wa tatu tukahamia Matemwe, ambako Mnemba unaiona mbele yako. Nilimwomba nahodha tuondoke saa kumi na mbili na nusu. Alicheka kidogo, akakubali. Tulipofika kulikuwa na boti mbili tu. Maji yalikuwa meupe hadi chini, samaki aina ya pono wanatafuna matumbawe unawasikia kwa masikio, mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, katoa kichwa kwenye tundu, na kasa mmoja alipanda kuvuta pumzi kama hatua nne kutoka kwa mke wangu, akashuka tena bila haraka. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alilia ndani ya miwani. Saa tatu tunarudi, nilihesabu boti thelathini zinaingia nikaacha kuhesabu.

Pomboo nalisema kwa uchungu. Boti kumi zinawazunguka, injini zinaunguruma, watu wanarushwa majini juu ya vichwa vyao. Wale wanyama asubuhi wanapumzika. Mwambie nahodha kabla ya kutoka kwamba humtaki awafukuze, na kama wakija wenyewe mtawaona. Mwambie pia afunge boti kwenye boya, asitupe nanga juu ya matumbawe. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ukanda wetu huu, na la 2016 likarudia. Yaliyobaki hayastahili nanga wala kisigino chako. Ukichoka, lala chali uelee, usisimame.

Kuhusu kupiga mbizi na mtungi: hamna cheti, kwa hiyo mtafanya mbizi ya majaribio na mwalimu, mwisho mita 12. Hapa usitafute bei ya chini. Mara yangu ya kwanza mwalimu mmoja alikuwa na watu sita. Sikio langu lilikataa kwenye mita ya tatu, naonyesha ishara, yeye anamwangalia mwingine, nami kwa aibu nikaendelea kushuka. Niliumwa wiki mbili. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na mita za mwanzo ndizo zinazobana sikio kuliko zote. Bana pua upulize taratibu tangu mita ya kwanza, kabla hujasikia maumivu. Likikataa panda kidogo, ujaribu tena. Na usizuie pumzi hata mara moja. Dai mwalimu mmoja kwa ninyi wawili. Akikataa, ondoka.

Desemba kaskazi inaanza kuvuma, siku nyingine Mnemba kuna mawimbi. Ikiwa hivyo, waombe wawapeleke upande wa Tumbatu, magharibi, ambako kisiwa kikubwa cha Unguja kinakinga upepo. Kama mnataka utulivu kabisa, kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ni hifadhi tangu 1994 na wageni wa siku wana idadi yao. Huko ni miwani na mrija tu, mitungi hairuhusiwi, na gharama ni kubwa, lakini matumbawe yake ndiyo mazuri kuliko yote niliyoyaona Unguja.

Mkiingia kijijini Nungwi jifunikeni mabega na magoti, shemeji abebe kanga.

Mwisho, kurudi Mwanza ni ndege: baada ya mbizi kadhaa acheni zipite saa 18 kabla ya kupanda. Kwa hiyo mbizi iwe siku za mwanzo, siku ya mwisho iwe ya ufukweni. Boti ya Dar haina shida. Andika hapa tarehe zenu kamili nikupigie hesabu ya maji.