Alfred maana yake nini? Ninalo mwenyewe, ngoja nikujibu

Mkuu, hongera kwa kidume. Umeuliza kama Alfred ni jina la amani, maana babu yake mtoto keshalipitisha.

Si la amani. Na mimi nililibeba hivyo miaka mingi. Katekista wetu alitufundisha kwamba kila jina lenye "fred" lina amani ndani yake, na MC wa harusi yangu akalirudia kwa mbwembwe. Nilikuja kuumbuka kwenye darasa la jioni la Kijerumani, nilipojitambulisha kwa maana hiyo na mwalimu akaangua kicheko.

Katekista alipatia nusu. Godfrey na Wilfred kweli wamebeba neno la kale la Kijerumani na Kiingereza, frid au frith, yaani amani. Alfred linafanana nayo masikioni tu. Limetoka Kiingereza cha kale, Ælfræd: ræd ni shauri, ælf ni wale viumbe wasioonekana walioaminiwa huko kabla ya Ukristo. Kwa huku kwetu wa karibu nao ni majini. Kwa hiyo mimi ni Shauri la Majini. Mama mkwe sijamwambia mpaka leo.

Ila jina lisikutishe, lilishabatizwa zamani. Alfred mfalme wa Wessex, ufalme wa kale kusini mwa Uingereza (871–899), aliwapiga Wadenmark pale Edington mwaka 878, kisha kiongozi wao Guthrum akakubali kubatizwa na Alfred huyohuyo akamsimamia ubatizo. Baadaye akakaa chini kutafsiri vitabu vya Kilatini ili watu wake wasome kwa lugha yao. Mfalme anayekupiga halafu anakuwa baba yako wa ubatizo, mimi huyo ndiye namhesabu wajina.

Wengine unawajua: Nobel wa dinamiti na tuzo, Mutua, gavana wa kwanza wa Machakos. Ninayempenda zaidi ni Wegener, Mjerumani aliyesema mwaka 1912 kwamba mabara yanasogea. Wanajiolojia wengi wakamkataa, akafia Greenland mwaka 1930 kabla hawajamkubali.

La mwisho, mkuu: cheti cha kuzaliwa kiandikwe Alfred. Changu wameandika Alfredi, cha kidato cha nne Alfred, nimeshakula viapo viwili kwa wakili kwa ajili ya hiyo "i".